Peres na Sigara Zisizokolea

Asubuhi ya mwisho iliyokuwa ya kawaida kwetu, Peres aliamka kabla yangu. Akachochea jiko, akapika uji wa wimbi. Nilisikia mwiko ukigonga sufuria. Mvua ilikuwa imekatika lakini bati lilikuwa bado linadondosha.

"Umeweka sukari?" nikamuuliza.

"Sukari iko dukani kwa Mhindi, inakungoja."

"Basi huu ni uji wa jela."

"Kunywa, Baba Zadock. Jela hawatii maziwa."

Nikanywa. Yeye akachukua sigara yake, ile kali ya dukani, akaiwasha kwa kaa la jiko. Akavuta mara moja, kisha akaigeuza. Upande wa moto ukaingia mdomoni, upande mkavu ukabaki nje. Akafunga midomo. Moshi ukatoka puani polepole.

Asiyejua atashangaa. Kwetu ziwani wanawake wengi huvuta hivyo. Mikono yao ina kazi: ina mtungi, ina kuni, ina mtoto. Moto ukiwa ndani, upepo hauuzimi, jivu halimwangukii mtoto, na apitaye gizani haoni chochote. Nyanya yake ndiye aliyemfundisha, tangu hajaolewa. Ulimi hauungui. Moto unakaa katikati, chini ya kaakaa. Peres aliweza kufua, kuongea na kucheka, na sigara imo ndani inawaka. Nilikuwa nikimwambia nyumba yetu ina majiko mawili.

Yeye ni wa Uyoma. Nilipotaka kumpendeza nilimwita Nyar Uyoma, yaani binti wa Uyoma, kama wanaume wa kwetu wanavyowaita wake zao. Nilimwoa mimi kijana, sasa mimi mzee. Alizaa watatu. Akabaki Zadock, anafanya kazi Jinja. Sasa Peres amelala kaburini kwetu Asembo, na mimi niko hapa Riruta na ninaandika.

Wakati ule tulikaa Spring Valley, Nairobi, kwa Wazungu. Chumba kilikuwa nyuma ya nyumba kubwa, karibu na ua wa miiba ya kayaba. Peres alikuwa akifua na kupiga pasi. Bwana, mwenye nyumba, alikuwa na duka la dawa mjini. Mimi kazi yangu ilikuwa mjini pia, kwa seremala wa Kihindi mtaa wa River Road, kupiga viti msasa na kuvipaka vanishi. Nilikwenda kwa baiskeli. Hali ya Hatari ilikuwa bado haijaondolewa, lakini askari wa pale Westlands walikuwa wamenizoea. Walinipungia mkono tu.

Asubuhi hiyo Peres alinifungia viazi vitamu kwenye kitambaa. Akasimama mlangoni, moshi puani.

"Leo usichelewe," akasema. "Nitakaanga samaki."

Hatukula samaki.

Niliporudi nilimkuta ameketi kitandani, saa ambayo kwa kawaida bado yuko kazini. Mkononi ana mkebe mweupe wenye mstari wa buluu.

"Nini hiyo?"

"Sigara."

"Za nani?"

"Zangu. Za Bwana. Keti kwanza."

Akanieleza. Alikuwa akifua vitambaa vya meza, vile vyeupe vya wageni. Akakohoa, akatema, na mate yakaanguka juu ya kitambaa. Yalikuwa na damu. Memsahib, mke wa Bwana, alikuwa amesimama nyuma yake.

"Peres! Hii nini?"

Akapelekwa barazani. Bwana akaleta tochi, akamwambia aachame. Peres akaachama. Bwana akaangalia sana.

"Juu hapa iko kidonda," Bwana akasema. "Wewe navuta sigara?"

"Ndiyo, Bwana."

"Ngapi?"

"Kidogo."

"Kidogo ngapi?"

"Kidogo ya kunitosha."

Bwana akacheka, lakini si sana. Akaingia ndani, akatoka na mkebe. Akasema sigara hizo zinatoka ng'ambo, dada yake anamletea. Akasema ni tumbaku kama tumbaku nyingine, lakini ule ukali wake umetolewa na watu wenye maarifa.

"Hii hapana sumu," akamwambia. "Mimi pia navuta hii. Daktari nasema moyo yangu gonjwa. Wewe tupa ile kali, vuta hii tu. Kama kidonda hapana funga, utakwenda hospitali, wao nakata kidonda."

Ndivyo alivyosema. Hakuuliza moto unakaa wapi. Peres naye hakumwambia. Nani angemwambia? Mwanamume wa watu, ameshika tochi, nawe umeachama kama ndama. Mambo ya namna ile mwanamke wa kwetu hayasemi kwa mtu ambaye anamfulia mashati.

Nilimwambia, "Kidonda kitafunga."

Peres akaniangalia. "Nyanya yangu alikuwa na kidonda papo hapo."

Nilikuwa nimesahau. Nyanya yake alikufa tukiwa tumeoana karibuni. Kidonda kilimla kinywa. Alikufa na njaa, na chakula kiko mbele yake. Watu wa Uyoma walisema ni chira, ule mkosi unaomfuata aliyevunja mwiko, na walichinja kondoo. Haikusaidia.

"Sitaki kufa namna hiyo," Peres akasema. "Kifo kingine chochote, sawa. Si kile."

Basi akazitoa sigara zake kali zote, hata iliyokuwa imefichwa ndani ya Biblia, akazitia jikoni. Tukaziangalia zikiungua. Kisha akatoa moja katika mkebe wa Bwana, akaiwasha, akaigeuza, akafunga midomo.

"Ikoje?" nikamuuliza.

Akavuta tena. "Naingojea ianze."

"Imeanza. Inakaribia kwisha."

"Basi imepita bila kunisalimu."

Akawasha nyingine.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Zamani Peres alikuwa na saa zake za kuvuta. Baada ya uji. Akishaanika nguo. Akishakula. Na moja mlangoni, kabla hatujalala. Akivuta, amevuta. Mkono wake ulitulia, akarudi kazini akiimba. Sasa saa zake zikavurugika. Alivuta akiwa anaanika, shati moja kambani, sigara moja. Alivuta akipiga pasi. Alivuta akingojea sufuria ichemke. Usingizi ulimkatikia, akaketi kando ya kitanda, nikasikia kiberiti.

"Tena?"

"Hazina sumu. Lala."

Na hakuvuta kama alivyokuwa akivuta. Alivuta kwa nguvu, mashavu yakizama, kama mtoto anayenyonya titi lililokauka. Sigara iliyokuwa zamani inakaa kinywani ikiungua yenyewe taratibu, sasa aliifyonza mpaka moto ukafika karibu na midomo. Akiitema, alisukutua maji baridi, akapuliza, "Fuu," akashika nyingine.

Bwana naye alikuwa vilevile. Peres ndiye aliyemwaga vibakuli vya majivu vya nyumba kubwa. Aliniambia, "Bwana wako amekuwa kama mimi. Zamani kibakuli kilikuwa na majivu. Sasa kimejaa, na kingine kimejaa, na maua ya Memsahib yametiwa vipande vya sigara kwenye chungu."

"Na yeye anasemaje?"

"Anasema anaendelea vizuri."

Mkebe ukiisha, Bwana alitoa mwingine bila kuuliza. Alifurahi, nadhani, kuona kwamba ametenda jema. "Vuta tu, Peres. Hii hapana taabu." Na Peres akavuta.

Palikuwa na rafiki yake mmoja, Wangu, mama Mkikuyu wa Kangemi. Alikuwa akileta mboga kwa nyumba za Wazungu, kitambulisho chake kimefungwa kwenye ncha ya leso. Walipenda kutaniana kwenye kibanda cha kufulia. Siku moja ya mapumziko yangu nilikuwapo.

"Mama Zadock," Wangu akasema, "wewe siku hizi ni treni ya Kisumu? Nimeona moshi tangu barabarani."

"Treni inapewa makaa ya mawe," Peres akajibu. "Mimi nimepewa makaa ya karatasi."

"Basi si uache?"

"Nikiacha, mikono inatetemeka. Nikivuta, mikono inatetemeka. Sasa nifanye nini, nikate mikono?"

Wangu akatoa kikopo chake cha ugoro. "Nusa hii. Kidogo tu. Mama yangu anaishi kwa hii."

Peres akaangalia kile kikopo kama mtu mwenye njaa anavyoangalia sahani ya mwenzake. Nilifikiri atachukua. Akatikisa kichwa.

"Hiyo ni kali. Bwana amesema ukali ndio sumu."

"Bwana, Bwana," Wangu akasema. "Bwana amekuzaa?"

Wakacheka wote wawili. Wangu akarudisha kikopo chake kifuani.

Siku chache baadaye Peres aliunguza kola ya shati la Bwana. Hajawahi kuunguza nguo tangu tuje Nairobi. Memsahib alimkemea mbele ya mpishi. Jioni mimi nilitia chumvi kwenye mboga nikaizidisha, Peres akatupa mwiko ukutani. Akaniita jina ambalo siwezi kuliandika hapa. Kisha akaketi sakafuni, akalia. Niliokota mwiko nikauosha.

Siku iliyofuata nilimkuta ametulia. Ameoga, amefunga kitambaa kipya kichwani, anaimba wimbo wa kanisa. Chakula kiko tayari. Akanikatia kipande kikubwa cha ugali na akaniuliza habari za viti vya Mhindi. Nilifurahi. Nilidhani tumevuka.

Akaweka sahani chini. "Baba Zadock, usinigombeze."

"Kwa nini?"

"Nimevuta moja ya kweli. Nilimwomba mtunza bustani."

"Moja?"

"Moja tu, mchana. Sijavuta tena mpaka sasa. Sijataka." Machozi yakamtoka. "Imenikaa mwilini kama chakula. Nami najua imenitilia sumu kwenye kidonda. Nimejiua, ee?"

Nilimwambia hajajiua. Moja haiui. Akaniapisha nisimwambie Bwana. Asubuhi akarudia mkebe mweupe, akavuta kwa pupa, kama mtu anayelipia dhambi.

Kidonda hakikufunga. Kwanza alikuwa hawezi pilipili. Kisha chai hakuiweza mpaka ipoe kabisa. Kisha samaki, kwa sababu ya miiba. Akawa anameza ugali uliolowekwa kwa maziwa. Nguo zilimpwaya. Akiachama nikitazama kwa kibatari, naona kaakaa limekuwa jeupe kama ukuta uliopakwa chokaa, na katikati ya ile chokaa pana shimo jekundu. Nilikuwa nikiliona kila siku na kila siku nilimwambia limepungua.

"Unasema uongo vibaya," akaniambia. "Hujui hata kusema uongo."

Nikaomba ruhusa kwa Mhindi wangu. Tukaenda hospitali mjini. Nilimbeba Peres nyuma ya baiskeli mpaka Westlands, kisha tukashuka mteremko wa daraja kwa miguu kwa sababu alisema anatikisika kichwa. Tuliketi kwenye benchi na watu wengi. Alitoka nje kuvuta, akarudi, akatoka tena. Mama mmoja mwenye mtoto alimwambia, "Dada, unafukuzwa?" Peres akasema, "Ndiyo, na kitu kisichonikamata."

Daktari alikuwa Mhindi mzee, mwenye Kiswahili kizuri. Alimtazama kinywa kwa muda mrefu, akigeuza kioo kidogo.

"Mama, unavuta sigara?"

"Navuta zile nzuri."

"Nzuri zipi?"

Peres akafungua leso, akampa mkebe. Daktari akausoma pande zote.

"Nazijua. Ngapi kwa siku?"

"Hazina sumu, daktari. Sizihesabu."

"Chai unakunywa ya moto?"

"Sinywi tena."

Daktari akawa kama mtu aliyepoteza kitu chumbani mwake. Akatazama tena kinywa. "Hii ni kuungua," akasema, lakini hakutuambia sisi, alijiambia. Akasukuma mkebe mbele ya Peres. "Hebu vuta nikuone."

Peres akaniangalia mimi. Nikaitikia kwa kichwa. Akageukia ukuta. Akawasha, akavuta mara moja, akaigeuza, akafunga midomo. Kisha akamgeukia daktari, mikono imekunjwa mapajani, kama mtu aliyeketi kanisani.

Daktari akangoja. "Sigara iko wapi?"

Peres akaonyesha mdomo wake.

"Na moto?"

Moshi ukamtoka puani. "Ndani," akasema, bila kuitoa.

Yule mzee akasimama. Akazunguka meza, akainama, akaangalia ile ncha kavu iliyochomoza kati ya midomo. Kisha akaichomoa yeye mwenyewe, kwa vidole vyake, akaizima kwenye sahani ya chuma. Akaketi.

"Aliyekupa hizi anajua unavuta hivi?"

"Hakuniuliza."

"Walipunguza ukali wa tumbaku, mama. Moto haukupunguzwa. Na kwa kuwa sigara hizi hafifu hazikutoshi, umekuwa ukiwasha nyingi. Umeupika huo mdomo."

Hakusema kwa ukali. Afadhali angesema kwa ukali. Peres aliangalia ile sigara iliyozimwa. Akauliza swali moja tu.

"Nikiugeuza moto ukae nje, kidonda kitafunga?"

"Acha kabisa. Njoo tena, tutakata kipande kidogo tukiangalie."

"Sikuuliza hilo, daktari."

"Sijui," akasema.

Tulitembea mpaka darajani. Pale akasimama, akashika kiti cha baiskeli.

"Nyanya hakuvunja mwiko wowote," akasema. "Walimchinjia kondoo bure."

Jioni hiyo alijaribu kuvuta kwa moto wa nje. Moshi ulimwingia machoni. Alikohoa, akaishika sigara kwa vidole viwili mbali na uso, kidole kidogo kimesimama. "Peres!" akaita kwa sauti ya Memsahib. "Hii nini?" Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Naye akacheka, kisha akagusa kaakaa kwa ulimi.

Kuacha kabisa hakuweza mara moja. Alijaribu, akaamka na jasho, akatembea chumbani kama mtu anayetafuta mlango. Basi akavuta zile hafifu kwa moto wa nje. Hazikuwa na utamu wa kinywa, maana utamu alioujua ulikuwa wa moto. Hazikuwa na nguvu. Zilikuwa kazi tu. Alivuta nyingi, kisha chache, kisha akaanza kusahau. Aliiacha ikiungua juu ya jiwe la kufulia akarudi kuikuta jivu, wala hakukasirika. Mikono ikaacha kutetemeka. Kabla ya Krismasi nikaona mkebe uleule umekaa dirishani, haujafunguliwa, umeota vumbi.

"Hamu imekwenda wapi?" nikamuuliza.

"Sijui. Imechoka kuningojea."

Tulipiga magoti siku hiyo. Mimi si mtu wa kuomba kwa sauti, lakini niliomba kwa sauti. Tulidhani kidonda nacho kitachoka.

Hospitali wakakata kile kipande. Wakamwita tena. Wakamlaza, wakakata kaakaa. Alipotoka alikuwa na tundu lililozibwa kwa pamba, na akinywa maji yalitoka puani. Sauti yake ikaenda puani pia. Wageni hawakumwelewa. Mimi nilimwelewa. Daktari yule mzee alinishika bega akaniambia waliondoa walichoweza kuondoa. Nilimwelewa naye.

Bwana alikuja mpaka chumbani kwetu. Hajawahi kuja. Alisimama mlangoni na kofia mkononi, amekonda pia, sigara ile ile nyeupe kati ya vidole.

"Peres, mimi hapana jua."

Peres alisema neno. Bwana akaniangalia, hakulisikia. Nikamtafsiria Kiswahili kwa Kiswahili.

"Anasema hukuuliza, Bwana, na yeye hakusema. Anasema mko sawa."

Bwana alibaki pale. Kisha Peres akanyoosha mkono, akaonyesha ile sigara ya Bwana, akasema tena. Hilo nalo nilimtafsiria.

"Anasema, hizo unavuta nyingi mno. Moyo wako utaona."

Bwana akaitazama kama hajaiona. Akaitupa kwenye nyasi. Kabla hajafika kona ya nyumba, nilimwona ametoa nyingine.

Nyumba ya Wazungu haiwezi kukaa bila mfuaji. Memsahib alilia kidogo, akaleta mwingine. Tukahama. Wangu alitutafutia chumba kwa Kihara, mzee Mkikuyu wa Riruta, ambaye hakuuliza mgonjwa wangu ana nini. Nilifunga godoro juu ya baiskeli, nikaisukuma. Peres alitembea kando, ameshika kiti. Tulipumzika mara nyingi. Pale Kangemi sokoni watu walitupisha njia bila kuambiwa.

Hapa Riruta shingo ya Peres ikavimba. Uji niliuchuja kwa kitambaa, nikauchuja tena, akameza vijiko, vikarudi. Wangu alileta mchuzi wa mifupa, alileta maziwa ya mbuzi, alileta ndizi zilizopondwa mpaka zikawa maji. Tuliviweka mbele yake. Peres aliviangalia.

"Unaona?" akaniambia. "Kimekuja kilekile cha Nyanya."

Nilitoka nje nikasimama kwenye mahindi ya Kihara. Sikuwa na kitu cha kufanya kwa mikono. Ningekuwa na kiti, ningekipiga msasa.

Zadock alikuwa ameandikiwa aje kutoka Jinja. Tulikuwa tunamngoja. Mchana mmoja, jua linaingia mlangoni, Peres aliniita.

"Niletee sigara."

"Za Bwana zimebaki huko Spring Valley."

"Nimesema sigara. Nimeitaja ya Bwana?"

"Uliacha, Peres. Hamu ilikwisha."

"Si hamu. Nataka tu."

"Daktari amekataza."

"Daktari atanifanyia nini sasa? Ataninyima chakula?"

Nikaenda dukani. Nikanunua moja, ile kali. Nikamwegemeza mtoto kwenye mito, nasema mtoto kwa maana alikuwa amekuwa mwepesi hivyo. Nikaiwasha, nikamwekea midomoni, moto nje. Akavuta. Hakuna kilichokuja. Hewa ilipita kwenye lile tundu, ikatoka puani, sigara ikakaa tu. Akajaribu tena, akafumba macho kwa nguvu. Hakuna. Ndipo nikaona amekata tamaa, si siku ya daktari, si siku ya kisu. Siku hiyo. Machozi yalimtiririka mpaka masikioni.

"Vuta wewe," akaniambia. "Mimi nitanusa."

Sijawahi kuvuta sigara maisha yangu. Nikavuta. Kifua kikapasuka, nikakohoa, nikatoa machozi, nikashika kitanda nisianguke. Peres akatikisika mabega. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka.

"Mwanamume mzima," akasema. "Hata moto uko nje!"

Nikavuta tena, taratibu. Nikampulizia karibu na uso. Akavuta ule moshi kwa pua, akaushikilia, akauachia. Nikavuta, nikampulizia. Watoto wa Kihara walikuwa wakipiga kelele uani. Mkono wake, uliokuwa umeshika ncha ya blanketi tangu asubuhi, ukafunguka. Nikavuta, nikampulizia. Akafumbua macho, akaiangalia sigara vidoleni mwangu, moto ulipofikia. Na kwa sauti ile ya puani, ambayo nilikuwa nimebaki mimi peke yangu wa kuielewa, akasema:

"Basi, nimetosheka. Izime, Baba Zadock, usiitupe. Hiyo nusu iweke vizuri, ni ya kesho."